Figili Katika Sanduku la Uani

Ndugu msomaji, usidhani kwamba bustani ni ya wenye viwanja tu. Sanduku kuukuu la mbao lenye kina cha shubiri moja, likitobolewa chini na kujazwa udongo uliochanganywa na samadi iliyooza, latosha kuipatia jamaa yako figili.

Sia mbegu papo hapo, kina cha sentimita 1, kwani figili haipendi kuhamishwa. Miche iliyosongamana ing'oe, lakini usiitupe! Majani yake machanga, yenye ukali wa pilipili, huipamba kachumbari kuliko hata mizizi yenyewe, ambayo hukomaa kwa wiki nne hivi. Sia kidogo kila baada ya wiki mbili, ili mboga iwepo hata mwisho wa mwezi, mshahara ukiwa umekwisha.

Adui hapa Dar es Salaam ni joto. Figili yenye kiu huwa kali hata watoto huikataa, na hukimbilia kutoa maua. Basi anza mwezi Juni, mwagilia asubuhi na jioni, na adhuhuri sanduku liwe kivulini. Miche mitatu minne iache izae pamoja, maana mmoja peke yake hauzai vizuri. Maganda yakikauka, una mbegu zako.