Namna ya Kusoma Matabaka ya Udongo



Ukipiga jembe katika shamba la Goma, mara nyingi wasikia jiwe kabla jembe halijazama. Wengi husema, «Udongo wa kwetu ni mbaya.» Sivyo. Udongo wetu ni mzuri, lakini ni mchache, nao umelala juu ya jiwe kama mkeka juu ya sakafu. Mtu asiyejua mkeka wake ni mnene kadiri gani, atautoboa siku moja. Kwa hiyo nataka kukueleza namna ya kuyasoma matabaka ya udongo na mawe, upate kuyatunza.

KANUNI YA KWANZA: LA CHINI NI LA ZAMANI

Tazama magunia ya maharagi ghalani. Gunia lililowekwa kwanza li chini. La mwisho li juu. Hata kama hukuwapo yalipopangwa, wajua lipi lilitangulia. Udongo na mawe ni vivyo hivyo. Mwaka 1669 Nicolas Steno, mwanachuoni wa Denmaki aliyekaa Italia, aliandika kanuni hii, na hata leo wataalamu wa mawe na wachimbaji wa vitu vya kale huanza nayo.

Sisi wa Goma hatuna haja ya kwenda mbali kuiona. Mlima wetu Nyiragongo ulimwaga lava tarehe 10 Januari 1977. Ukamwaga tena tarehe 17 Januari 2002, na mara ile lava ilipita katikati ya mji, ikafunika sehemu ya uwanja wa ndege, ikaingia ziwani. Ukamwaga tena tarehe 22 Mei 2021, lava ikasimama upande wa Buhene. Upande wa kusini wa mlima kuna mahali ambapo lava ya 2002 imelala juu ya ile ya 1977. Ya chini ni ya baba, ya juu ni ya mtoto.

KANUNI YA PILI: USIDANGANYWE NA BONDE

Lava hushuka kama maji, hutafuta bonde. Kwa hiyo huenda ukaona lava mpya bondeni, na kilima cha zamani kimesimama juu yake. Usiseme, «Hii iko chini, basi ni ya kale.» Uliza hivi: ni ipi iliyomfunika mwenzake? Iliyofunikwa ndiyo ya kwanza.

Tena kuna mahali ambapo matabaka yamechafuliwa. Mtu alichimba shimo la takataka akalifukia, fuko alipita, mzizi ulioza ukaacha tundu. Hapo vitu vya juu vimeangukia chini. Tazama vizuri kabla ya kusema.

MATABAKA YASIYO NA MTU WA KUYAKUMBUKA

Habari za 1977 wazee wetu wazijua. Lakini chini ya lava hiyo ziko nyingine, ambazo hakuna babu aliyeziona. Tutazijuaje?

Mara nyingi chini ya lava utaona udongo mwekundu kama tofali. Huo ulikuwa udongo wa juu, moto ukauchoma. Pengine ndani yake mna makaa ya miti. Pengine tena katika lava mna tundu la mviringo kama kisima chembamba: palikuwa na mti, lava ikauzunguka, mti ukaungua, nafasi yake ikabaki. Basi wajua kwamba pale palikuwa na msitu. Na wataalamu wakipata makaa, huyapima. Katika kila kitu kilichokuwa hai mna namna moja ya kaboni ambayo hupungua nusu kila baada ya miaka karibu 5,730. Wakipima iliyobaki, hukadiria mti ulikufa lini.

Katika jimbo letu hili la Kivu ya Kaskazini mna mfano mkubwa. Ni Ishango, mahali ambapo mto Semliki hutoka katika ziwa Edward. Mwaka 1950 Mbelgiji Jean de Heinzelin alichimba pale, tabaka baada ya tabaka. Chini ya majivu ya volkano alikuta mifupa ya samaki, ncha za mifupa za kuvulia, na mfupa mdogo wenye mikato iliyopangwa kwa safu. Mfupa ule umekadiriwa kuwa na miaka karibu 20,000. Kama angaliuokota njiani tu, ungalikuwa mfupa mtupu. Tabaka ndilo lililoufanya useme.

KAZI YAKO SHAMBANI

1. Kabla ya kupanda migomba au kahawa, chimba shimo la kupimia, lisipite goti. Ukuta wake mmoja uukate wima kwa jembe.

2. Tazama rangi toka juu. Udongo mweusi wenye mizizi ndio chakula cha mimea. Pima unene wake kwa vidole. Chini yake huenda pana udongo wa kahawia, au changarawe nyepesi za volkano, kisha lava.

3. Udongo mweusi uweke upande mmoja, wa chini upande mwingine. Usiuchanganye. Unapopanda, mweusi pamoja na samadi uweke penye mizizi.

4. Mahali penye mteremko, panda matete kwa mistari inayokata mteremko, mvua isiuchukue.

Labda wasema, «Ukienda na maji, utakuja mwingine.» Nenda ukaitazame lava ya 2002. Miaka zaidi ya 20 imepita, na mahali pengi bado ni jiwe tupu, lina ukoga wa kijivu na majani machache katika nyufa. Ukoga huo ndio mwanzo wa udongo. Huenda hata mjukuu wako asilime juu yake. Udongo mweusi ulio nao ulitengenezwa hivyo hivyo polepole, na mvua kubwa ya jioni moja yaweza kuuchukua.

JIHADHARI NA MAZUKU

Neno la mwisho ni la uhai. Katika nchi ya Goma na Sake hewa mbaya hutoka katika nyufa za ardhi. Ni nzito kuliko hewa yetu, hujikusanya mashimoni na mabondeni, hasa usiku na alfajiri pasipo upepo. Haionekani, nayo huua mbuzi na watu. Ukiona mijusi au ndege wamekufa shimoni, usiingie. Mtoto akiangukia humo, usimfuate mbio bila kuwaita watu, msije mkafa wawili. Ukitaka kuona matabaka ya chini sana, tazama ukingo wa barabara uliokwisha katwa, penye upepo.

Basi, kesho chukua jembe lako, ukapime mkeka wako.