Mbona Dawa Haimponyi Mwanangu?

Mtoto alikuwa na umri wa siku kumi na tisa. Mama yake, mwimbaji wa sauti ya kwanza katika kwaya yetu ya akina mama, alimleta alfajiri akiwa amemfunika khanga mbili. Mwili wa mtoto ulikuwa wa baridi, na tangu jioni alikataa titi. Mimi nilikuwa namalizia zamu ya usiku. Tulimwanzishia sindano za ampisilini na jentamaisini, ambazo ndizo huanza kutolewa kwa mtoto mchanga mwenye maambukizi ya damu, na damu yake kidogo ikapelekwa maabara ili ioteshwe.

Siku ya kwanza hatukuona nafuu, na ya pili vilevile. Siku ya tatu majibu yakaja. Bakteria walioota hawakuuawa na dawa zile mbili, wala na seftriaksoni, ambayo wengi wetu tumezoea kuiona kama kimbilio. Iliyoweza ilikuwa meropenemu, na haikuwapo wodini. Baba alikimbia mjini kuitafuta. Mama akavunja hisa zake za VICOBA.

Usiku ule, tukiwa tumekaa kando ya kitanda, aliniuliza swali ambalo sijalisahau. "Dada, mwanangu hajawahi kunywa dawa hata tone moja. Hii dawa ameizoea lini?"

Asiyezoea ni nani?

Akina mama wapendwa, swali lile lina kosa ambalo wengi wetu tunalo. Husema, "Mwili wa mtoto wangu umeshazoea Septrin, sasa haimsaidii." Mwili hauzoei. Wanaozoea ni bakteria wenyewe, na bakteria hawana mwenyewe. Hutoka kwa mtu hadi mtu kwa mikono, kwa maji, kwa chakula, kwa kinyesi. Mtoto mchanga huwapata wakati wa kuzaliwa, au kutoka mikono ya sisi tunaomhudumia na kumbeba. Kwa hiyo mtoto asiyewahi kuonja dawa anaweza kupata wale waliofundishwa ukaidi katika tumbo la mtu mwingine kabisa.

Wanafundishwaje? Fikiri unavyopepeta mchele. Pumba hupeperuka, mawe hubaki kwenye ungo. Katika mamilioni ya bakteria, wachache huwa na tofauti ndogo inayowawezesha kuistahimili dawa. Wengine, kwa mfano, hutengeneza kitu kinachoivunjavunja penisilini kabla haijawadhuru. Dawa inapopita, wanyonge hufa na wale wachache hubaki. Ila mawe hayazai, na hawa huzaa. Baadhi yao, wakipata joto na chakula, hugawanyika kila baada ya dakika ishirini. Tena huazimana silaha: bakteria wa tumboni asiye na madhara yoyote anaweza kumpa ujuzi wake wa kuishinda dawa bakteria wa aina nyingine aletaye ugonjwa.

Hapo ndipo utaona hasara ya kumpa antibiotiki mtoto mwenye mafua. Mafua huletwa na virusi, na virusi hawaguswi na amoksilini hata ukimnywesha chupa tatu. Mtoto atapona kwa sababu mafua hupita yenyewe, na wewe utaisifu dawa. Kumbe kazi iliyofanyika ni kupepeta ungo wa tumboni mwake.

Jambo hili si geni kwetu. Walio na umri kama wangu wanaikumbuka klorokwini, jinsi ilivyotuwasha mwili mzima tukajikuna usiku kucha, lakini ikituponya malaria. Mwaka 2001 Tanzania iliiacha isiwe tena dawa ya kwanza, kwa kuwa malaria ilikuwa imeishinda. Ikaja SP, nayo haikudumu. Mwaka 2006 tukahamia dawa ya mseto. Vimelea vya malaria si bakteria, lakini mwendo ni uleule. Na Alexander Fleming, aliyegundua penisilini mwaka 1928, alionya mwaka 1945 alipopokea Tuzo ya Nobel kwamba siku itafika mtu wa kawaida ataweza kujinunulia dawa hiyo dukani, atumie kidogo mno, na awafundishe vijidudu kuishinda.

Hospitali ya Taifa Muhimbili, Dar es Salaam, iliwahi kufanyiwa utafiti kati ya mwaka 2001 na 2002 kwa watoto waliolazwa wakiwa na dalili za maambukizi. Miongoni mwa wale waliokutwa na kundi moja la bakteria katika damu, kundi ambalo mara nyingi ndilo lenye ukaidi, walikufa zaidi ya 40 katika kila 100. Hiyo ilikuwa zaidi ya mara mbili ya vifo vya waliokuwa na malaria. Na mtoto aliyekuwa akipewa dawa ambayo bakteria wake walikuwa wameishinda alikuwa katika hatari kubwa zaidi ya kufa. Kwa dunia nzima, watafiti walikadiria kuwa mwaka 2019 usugu wa bakteria ulisababisha moja kwa moja vifo milioni 1.27, na karibu mmoja kati ya kila watano waliokufa alikuwa mtoto chini ya miaka mitano. Afrika kusini mwa Sahara ndiyo iliyobeba mzigo mzito kuliko wote.

Kabati langu mwenyewe

Sasa nikiri. Miaka kadhaa kabla ya usiku ule, mimi, muuguzi mwenye cheti changu ukutani, nilikuwa na mazoea ya kuhifadhi chupa za dawa za wanangu zilizobaki. Mtoto akipata nafuu siku ya tatu, chupa inapanda kabatini. Jirani akija, "Mama, mwanangu anakohoa," namshushia. Nilijiona mtu wa huruma. Mmoja wa watoto hao alikuwa na kichomi kweli, na ile nusu chupa ikampoza siku mbili tu. Alipofikishwa hospitali mbavu zilikuwa zinavutwa ndani kila akivuta pumzi. Alipona, namshukuru Mungu, lakini mama yake hakunilaumu hata kwa neno, na hilo liliniuma kuliko lawama.

Amoksilini ya maji ikishachanganywa hudumu kwa kawaida wiki moja, au mbili kwa baadhi. Lebo ndiyo ya kufuatwa. Ile niliyokuwa naigawa baada ya mwezi ilikuwa maji matamu yenye dawa dhaifu, ambayo ndiyo shule nzuri kwa bakteria. Chupa ikimaliza siku zake, itoke nyumbani. Mahali ulipoichukua wakuelekeze namna ya kuiteketeza.

Kuhusu siku za kumeza, fuata zile ulizoandikiwa, zisipungue wala usiziongeze kwa kichwa chako. Zamani tuliamini kuwa siku nyingi ndiyo usalama. Siku hizi kichomi cha kawaida cha mtoto hutibiwa mara nyingi kwa siku tano za amoksilini, ile ya vidonge vinavyoyeyuka katika maji au maziwa ya mama. Pima kwa kijiko cha dawa, maana vijiko vya chai vya nyumbani havilingani. Na mama ambaye kliniki imempa mtoto wake Septrin ya kila siku kwa sababu ya virusi vya Ukimwi, asiikatishe kwa kusoma makala hii. Hiyo ni kinga yake na ina sababu.

Kabla ya kwenda dukani

Mtoto anapokohoa, mtulize, mfunue kifua, tazama saa na uhesabu pumzi kwa dakika nzima. Usihesabu nusu ukazidisha mara mbili, kwa kuwa watoto hupumua kwa kusitasita. Mwenye miezi miwili hadi kumi na moja akifikia 50 au zaidi, au mwenye mwaka mmoja hadi miaka mitano akifikia 40 au zaidi, mpeleke zahanati siku hiyohiyo. Mbavu zikivutwa ndani, akishindwa kunywa au kunyonya, akitapika kila kitu, akipata degedege au akilegea haamki vizuri, usingoje hata kupambazuke. Na aliye chini ya miezi miwili, akiwa na homa, akiwa wa baridi au akikataa titi, hana habari ya duka la dawa. Aende hospitali.

Kuharisha kwingi hakuhitaji antibiotiki. Dawa yake ni maji ya ORS na vidonge vya zinki kwa siku 10 hadi 14. Mwone mganga haraka ukiona damu kwenye choo. Nao "mkojo mchafu," ambao siku hizi kila mtoto mwenye homa huambiwa anao, uliza kwa upole kama mkojo umepimwa, na ulikingwaje. Kuuliza si utovu wa adabu. Mimi huwapenda akina mama wanaoniuliza, ingawa foleni ikiwa ndefu huenda uso wangu usionyeshe.

Yapo mengine ya nyumbani ambayo hupunguza haja ya dawa tangu mwanzo: maziwa ya mama matupu kwa miezi sita, sabuni baada ya choo na baada ya kumsafisha mtoto, na kadi ya chanjo isiyo na nafasi tupu. Chanjo ya nimokokasi, ambao huleta kichomi na homa ya uti wa mgongo, na ile ya rotavirusi inayozuia kuharisha, zilianza kutolewa Tanzania mwanzoni mwa mwaka 2013. Na ninyi mnaofuga kuku wa kisasa, nami ni mmoja wenu: tetrasaiklini ya kutia kwenye maji ya vifaranga "ili wasiumwe" ni ungo uleule. Wakiugua, mwite mtaalamu wa mifugo, kisha mzingatie siku za kusubiri kabla ya kuuza nyama au mayai.

Yule mtoto wa siku kumi na tisa alichomwa sindano kwa majuma mawili. Siku ya nne tangu dawa mpya alilia kwa nguvu, na wodi nzima tulicheka. Mtoto wa kitanda cha jirani, mwenye ugonjwa kama wake, majibu yake yalichelewa, na yeye hakufika asubuhi.

Mwezi uliopita jirani alibisha hodi saa mbili usiku. Mwanawe wa miaka miwili alikuwa na mafua na kikohozi. "Mama, huna hata ile ya rangi ya waridi iliyobaki?" Nilimkaribisha ndani, nikampakata mtoto, nikahesabu: 32. Pua inachuruzika, macho maangavu, mkono wake unanyang'anya saa yangu. Nikamwambia amnywesheshe maji na maziwa mara kwa mara, amsafishe pua ili alale, na kesho asubuhi nitapita kuhesabu tena. Aliondoka amenuna kidogo. Asubuhi nilipopita, mtoto alikuwa mlangoni anakula kiazi, na pumzi zilikuwa 30.