Saa ya Zawadi kwa Dada Anayestaafu

Mtumishi wa umma nchini Tanzania hustaafu kwa lazima akitimiza miaka 60, na anaweza kustaafu kwa hiari kuanzia miaka 55. Tarehe hiyo hujulikana mapema sana, kwa hiyo ndugu wana muda wa kuchanga na muda wa kufikiri. Kuchanga hufanyika. Kufikiri huachwa hadi wiki ya mwisho, ndafu ya sherehe imeshaagizwa, ndipo mdogo mmoja anatumwa Moshi mjini akatafute saa nzuri ya mkononi. Tumchukulie mstaafu wetu kuwa dada mkubwa, muuguzi, anayeacha nyumba ya kupanga mjini na kurudi kihambani, yaani kwenye shamba la ukoo mlimani Kilimanjaro, Kibosho au Marangu. Ili kujua saa inayomfaa, tuanze na namna saa inavyofanya kazi.

Kila saa ina vitu viwili vya msingi: chanzo cha nguvu, na kitu kinachotikisika kwa mwendo usiobadilika ili kuukata muda katika vipande vilivyo sawa. Katika saa ya springi, nguvu hutoka kwenye utepe mwembamba wa chuma uliosokotwa. Utepe ukijifungua husukuma magurudumu yenye meno, na mwisho wa safu hiyo lipo gurudumu la mizani, ambalo huenda na kurudi bila kukoma. Katika saa nyingi za springi za siku hizi gurudumu hilo hupiga mara 28,800 kwa saa, yaani mara 8 kwa sekunde. Katika saa ya betri, umeme hutikisa kipande kidogo cha fuwele ya kwatzi mara 32,768 kwa sekunde. Saa ya mkononi ya kwanza ya namna hii kuuzwa madukani ilikuwa Astron ya Seiko, Desemba 1969.

Tofauti hiyo huonekana kwenye usahihi. Saa ya springi iliyopimwa na kupewa cheti na COSC, taasisi ya Uswisi inayopima mwendo wa saa, inaruhusiwa kuchelewa sekunde 4 au kukimbia sekunde 6 kwa siku. Saa ya kawaida ya betri hupotea sekunde kama 15 kwa mwezi mzima. Basi anayelipa mamilioni kwa saa ya springi hanunui usahihi. Ananunua ufundi wa mikono, na mtambo unaoweza kufunguliwa, kusafishwa, kutiwa mafuta na kurudishwa kazini hata baada ya miaka arobaini, mradi fundi na vipuri vipo. Hayo ni mambo ya thamani, nami nayaheshimu. Lakini yana masharti.

Sharti la kwanza ni mazoea ya mvaaji. Saa nyingi nzuri za springi ni za otomatiki: ndani yake kuna kipande kizito cha nusu duara kinachozunguka mkono unapotembea, na mzunguko huo ndio unaoijaza springi. Ikivuliwa, nyingi huenda kama saa 40 kisha husimama. Sasa tufuate wiki ya dada yetu. Anaivaa Jumapili kwenda kanisani, anaivua saa kumi jioni na kuirudisha kabatini. Jumanne saa mbili asubuhi imesimama. Jumapili inayofuata atalivuta taji, yaani kile kifundo cha pembeni, arekebishe saa na tarehe, naye tayari anachelewa ibada. Tarehe nayo ina mtego wake. Katika saa nyingi za springi haifai kuisogeza tarehe kwa taji kati ya saa tatu usiku na saa tisa usiku, kwa kuwa meno ya gurudumu la tarehe huwa yameshikana na yanaweza kukatika. Mishale ikiwa imesimama hapo, lazima isogezwe kwanza. Aidha, tarehe ya kawaida huhesabu hadi 31 kila mwezi, kwa hiyo huhitaji kurekebishwa mara tano kwa mwaka hata kama saa haijasimama.

Je, kwa nini asiivae kila siku? Swali hili linatupeleka kwenye kazi aliyoiacha. Wauguzi wengi huning'iniza saa kifuani ili mkono ubaki wazi wa kunawa, na huhesabu mapigo ya moyo kwa mshale wa sekunde. Mtu aliyeishi hivyo miaka mingi hajazoea kitu kizito mkononi. Tena kihambani mikono yake itakuwa kwenye majani ya ng'ombe, maji ya mfereji na migomba, na utomvu wa mgomba ukishika mkanda wa ngozi huacha doa la kahawia lisilotoka. Mkanda wa ngozi pia huchoka haraka kwa jasho na mvua za masika. Mkanda wa chuma cha pua huoshwa kwa sabuni na brashi laini, basi.

Maandishi ya mita nyuma ya saa huwapotosha wengi. Mita 30 hazina maana kwamba saa inazamishwa mita 30. Ni shinikizo la maji yaliyotulia kwenye maabara. Saa ya namna hiyo ichukuliwe kuwa ya kuhimili matone tu. Anayefua na kuosha vyombo atafute mita 100. Kioo nacho kina daraja lake: mchanga wa kwatzi una ugumu wa 7 katika kipimo cha Mohs, kioo cha kawaida kiko chini ya hapo, na kioo cha yakuti, yaani safaya, kina 9. Vumbi la barabara za huku juu wakati wa kiangazi litauonyesha upesi upungufu wa kioo cha kawaida.

Macho ya miaka sitini yanataka uso mweupe na mishale myeusi, au kinyume chake. Saa nyingi za kike zimepunguzwa mno hadi tarehe haisomeki. Upana wa milimita 34 hadi 36 humfaa mwanamke bila kumlemea. Namba nazo ziwepo. Wengi wetu husoma saa kwa kutazama upande wa pili wa mshale: mshale mfupi ukiwa kwenye 7, tunasema saa moja. Uso uliojazwa viduara vya mapambo, namba zikafichwa, humlazimisha msomaji kukisia.

Kisha fundi. Moshi mjini utamkuta fundi saa barazani, na kimeza chake cha kioo, lenzi ikiwa jichoni, akibadili betri na kupunguza viungo vya mkanda. Seiko 5, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1963, ni mojawapo ya saa za otomatiki ambazo mafundi wengi wa Afrika Mashariki wamezizoea. Saa ya Uswisi ya daraja la juu ina njia nyingine. Omega hushauri ihudumiwe kila miaka 5 hadi 8, Rolex kila miaka 10 hivi, na huduma hiyo hufanywa na fundi mwenye idhini ya kiwanda, ambaye kwa mtu wa Moshi yuko mbali. Gharama yake inaweza kuzidi bei ya saa nzuri nyingine nzima. Itamwangukia nani? Mstaafu anayeishi kwa pensheni ya mwezi, isipokuwa ndugu wawe wameitenga kabisa tangu siku ya mchango.

Kuhusu maandishi ya kuchongwa nyuma, wauzaji husema yanapunguza bei ya kuiuza tena. Ni kweli kwa kawaida, ingawa Sultan Qaboos wa Oman aliagiza Rolex zenye alama ya jambia akazigawa zawadi, na leo wakusanyaji huzitafuta kwa sababu ya alama hiyo hiyo. Dada hataiuza. Achongewe jina, hospitali aliyoitumikia na mwaka.

Kwa hayo yote, kwa dada huyu ningechagua saa ya mwanga: ni ya kwatzi, lakini uso wake hupokea mwanga na kujaza betri ndogo ya ndani, na ikijaa huenda miezi mingi hata gizani. Citizen huziuza kwa jina la Eco-Drive. Iwe ya chuma cha pua, kioo cha safaya, mita 100, na ikae karibu na dirisha badala ya kabatini. Kaka anayevaa saa kila siku na kufurahia mitambo ningempa otomatiki, pamoja na bahasha ya pesa za kuihudumia saa hiyo kwa fundi mara ya kwanza. Inunuliwe kwa muuzaji anayetoa stakabadhi na kadi ya dhamana yenye namba ileile iliyo mgongoni mwa saa, kwa maana feki ni nyingi. Viungo vya mkanda vitakavyotolewa vitiwe kisandukuni, kwa sababu mkono wa mtu hunenepa na kukonda.