Maumivu ya mwanamke hayapimwi kwa ukimya wake

MWANAMKE anayeugua saratani ya shingo ya kizazi anaweza kuabiri matatu Kangemi, akashuka katikati ya jiji la Nairobi, akaabiri nyingine ya kwenda Hospitali Kuu ya Kenyatta, na njia nzima asitoe sauti. Kila tuta la barabarani humchoma kiunoni. Akifika mbele ya muuguzi na kuulizwa hali, hujibu kwamba hajambo.

Jibu hilo ndilo kikwazo cha kwanza katika kazi ya kutuliza maumivu. Kina mama wengi wamelelewa kuamini kwamba kulia kwa uchungu ni aibu, hata katika chumba cha kujifungulia. Kwa hivyo, muuguzi aliyefunzwa tiba shufaa haulizi tu iwapo panauma. Huuliza panauma wapi, tangu lini, maumivu yanachoma au yanakata, yanashuka hadi mguuni au la, na usiku uliopita mgonjwa alipata usingizi kiasi gani. Kisha humwomba aonyeshe kwa mkono: ngumi iliyofumbwa ni hali ya kutokuwa na maumivu, vidole vitano ni maumivu yasiyovumilika. Mdomo uliosema hajambo, aghalabu mkono wake huonyesha vinne.

Nairobi Hospice, iliyoanzishwa mwaka 1990 katika uwanja wa hospitali hiyo ya Kenyatta, ndiyo iliyotangulia nchini katika huduma hii. Fikra yake inatokana na Cicely Saunders, Mwingereza aliyeanza kama muuguzi hadi maradhi ya mgongo yakamwachisha kazi, akaja kusomea udaktari na kufungua St Christopher's jijini London mwaka 1967. Alishikilia kwamba maumivu ya mwili hayatengani na ya moyo, ya jamii na ya roho. Mama asiyejua nani atawalea wanawe haponywi na tembe pekee.

Hata hivyo, dawa ni lazima. Mwaka 1986 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitoa ngazi ya hatua tatu: parasetamoli na jamii yake, kisha kodeini, kisha mofini. Tangu mwaka 2018 shirika hilo huichukulia ngazi hiyo kuwa mwongozo wa jumla tu, si amri. Mwenye maumivu makali hana haja ya kupanda kidato kimoja kimoja.

Mofini ya maji, chungu kama shubiri, hunywewa kila baada ya saa nne kwa kufuata saa, si kwa kungoja maumivu yarudi. Hapa ndipo jamaa hukosea; huificha chupa wakihofia mgonjwa atakuwa mraibu. Dawa ikitolewa kwa kipimo na mgonjwa akifuatiliwa, hatari hiyo ni ndogo. Kero ya hakika ni kufunga choo. Muuguzi mwangalifu huanzisha dawa ya kulainisha choo siku ile ile, kwani wengi huona haya kulitaja jambo hilo.

Lipo jingine linaloonewa haya zaidi. Saratani ya shingo ya kizazi iliyokomaa hutoa uchafu wenye harufu kali, na katika chumba kimoja cha kupanga huko Kawangware, harufu haina pa kufichwa. Mgonjwa hujitenga, wageni hupungua, na maumivu huzidi. Pale panapofaa, wauguzi wa tiba shufaa hutumia metronidazoli, dawa ya bei nafuu, kuua viini vinavyoleta harufu hiyo.

Nchini Uganda, tangu mwaka 2004 wauguzi waliopata mafunzo maalumu wameruhusiwa kumwandikia mgonjwa mofini. Pale ambapo muuguzi hana idhini hiyo, hulazimika kumsubiri daktari, ilhali yeye ndiye aliyeviona vile vidole vinne.

Kabla mgonjwa hajarudi Kangemi, muuguzi humfunza mume, dada au binti namna ya kupima dawa hiyo kwa bomba lisilo na sindano, na kuandika kila saa inaponywewa katika daftari ambalo mgonjwa atarudi nalo kliniki.