Farasi Mweupe Hafichi Siri ya Banda

Alasiri ya Idi, watoto wa Mombasa huteremka pwani kama walioitwa. Wako wanaokimbilia maji, wako wanaokimbilia viazi vya karai na mihogo, na wako ambao macho yao hayatazami ila ngamia na farasi wanaopandisha watu mchangani. Idi iliyopita tulikuwapo pamoja na jamaa zetu. Binti yetu mdogo alimchagua farasi mweupe, akazungushwa, akashushwa hali ya kuwa anacheka, kisha akamlalia ubavuni kumuaga. Alipotugeukia, gauni lake jipya la rangi ya maziwa lilikuwa na baka la kahawia lililonuka zizi.

Mama yake alikuwa karibu kugomba. Saisi, mtu mzima mwenye adabu zake, alimtangulia kwa kuomba radhi. Alisema kwamba mvua ilinyesha usiku, malalo ya farasi yakalowa, naye kwa pupa ya Idi hakuyabadilisha. Asubuhi alimwosha farasi uso, shingo na miguu ya mbele, mahali ambapo wateja hutazama, akauacha ubavu ule aliolalia. Pembeni palikuwa na farasi wa pili, mweusi, aliyelala katika banda lile lile. Tulimpitishia kiganja, kikatoka kichafu vile vile. Tofauti yao ilikuwa moja tu: uchafu wa mweusi haukuonekana.

Maneno ya saisi yule hayakututoka. Tukaona inafaa kuwaeleza wasomaji wetu namna mnyama mweupe anavyowekwa katika usafi, kwani ndani yake mna mafunzo hata kwa asiyemiliki farasi.

Weupe huo ni wa namna gani

Wengi wa farasi tunaowaita weupe hawakuzaliwa hivyo. Huzaliwa weusi, wa kahawia au wekundu, kisha manyoya yao hupoteza rangi kidogo kidogo mwaka hata mwaka. Wajuzi huwaita farasi wa kijivu. Farasi mashuhuri wa Lipizzaner, ambao asili yao ni zizi la Lipica lililoanzishwa mwaka 1580 katika nchi ambayo leo ni Slovenia, huzaliwa na rangi ya giza, na wengi wao hutimia weupe kati ya miaka 6 na 10. Farasi wa Kiarabu wenye sura nyeupe nao aghalabu ni wa namna hiyo. Mwaka 2008 wanasayansi walieleza kwamba weupe huo hutokana na badiliko moja la jeni, lililorithiwa kutoka kwa mzazi mmoja wa kale.

Ukimlowesha farasi wa namna hiyo, utaona ngozi nyeusi chini ya manyoya meupe. Wachache huzaliwa weupe kwelikweli, na ngozi yao ni ya waridi. Hao huungua na jua puani na pembezoni mwa macho, basi hapa kwetu hawafai kuachwa juani mchana kutwa.

Kila unyoya umepakwa mafuta membamba yatokayo katika ngozi. Mafuta hayo ndiyo ngao ya kwanza dhidi ya uchafu, na ndiyo yanayompa mnyama mng'aro. Anayemsugua farasi kila siku kwa sabuni kali huiondoa ngao hiyo kwa mkono wake mwenyewe. Doa la kesho hukuta unyoya mkavu usio na kinga, likapenya ndani zaidi.

Doa huanzia malaloni

Farasi huweza kusinzia akiwa amesimama, lakini usingizi mzito haumjii mpaka alale chini. Kwa hiyo kila siku hulala, japo kwa muda mfupi, na anapolala huweka chini paja, ubavu, tumbo na viungo vya miguu ya nyuma. Mahali hapo hapo ndipo madoa hukaa. Na farasi mmoja mzima hutoa zaidi ya kilo 15 za kinyesi kwa siku, pamoja na lita kadhaa za mkojo. Ikiwa vyote hivyo vitabaki bandani, hakuna sabuni itakayoshinda.

Kwa hiyo kazi ya kumweka mnyama mweupe huanza kwa koleo na ufagio. Kinyesi kizolewe asubuhi na jioni. Malalo yaliyolowa yatolewe yote mpaka sakafu ionekane, sakafu iachwe ikauke, kisha ndipo yatandikwe maranda makavu au majani makavu, mazito ya kutosha. Sakafu iwe na mteremko mdogo ili mkojo usituame. Faida yake si ya rangi pekee: mkojo unaooza hutoa amonia, ile harufu inayochoma macho, nayo huyadhuru mapafu ya farasi na ya anayemtumikia.

Mkono kabla ya maji

Wasiojua hukimbilia mpira wa maji. Wajuzi huanza na mkono mkavu. Kwanza ni kitana cha mpira, kinachozungushwa mwilini ili kuamsha vumbi na manyoya yaliyokufa. Kisha brashi ngumu, ya kulitoa vumbi lile. Kisha brashi laini, ya kuyasambaza mafuta ya ngozi hadi ncha za manyoya. Usoni na miguuni, ambako mfupa uko karibu na ngozi, hutumika laini peke yake. Mwisho hupitishwa kitambaa kibichi kidogo machoni na puani.

Tope liachwe likauke, halafu lipigwe brashi. Likisuguliwa bichi huzidi kuenea. Kinyesi kibichi ni kinyume chake: kipanguswe mara moja kwa kitambaa na maji, kabla hakijatia rangi. Doa la mkojo huoshwa peke yake kwa maji ya uvuguvugu na sabuni laini kidogo, bila kumlowesha mnyama mzima. Wako wafugaji wanaotia siki kidogo katika maji ya kusuuzia ili kuvunja harufu.

Jasho nalo lisisahauliwe. Katika jasho la farasi mna protini inayofanya povu kama sabuni, ndiyo maana shingo yake hutoka povu jeupe anapokimbizwa. Jasho hilo likikauka huacha chumvi, likashika vumbi, na weupe ukageuka manjano. Baada ya kazi amwagiwe maji. Aliyepelekwa baharini asuuzwe kwa maji baridi yasiyo na chumvi. Hayo ni kwa punda pia, na wasomaji wetu wa Lamu wana punda wengi kuliko farasi. Manyoya ya punda hayakingi maji kama ya farasi, basi akilowa hukawia kukauka, naye ahitaji kivuli na mahali pakavu zaidi.

Kuosha na kupindukia

Siku ya kumwosha mnyama mzima ichaguliwe yenye upepo, na saa yenye nafasi ya kumkausha kabla ya Magharibi. Itumike shampuu laini ya wanyama, isuuzwe mpaka maji yatoke safi, kisha maji yakamuliwe mwilini kwa ubapa wa mpira. Sabuni inayobaki katika manyoya huwasha ngozi, na mnyama atajisugua ukutani hadi achubuke.

Hewa yetu ya pwani ina unyevu, na ngozi isiyopata kukauka huwa laini, ikafungua mlango. Kuna bakteria waitwao Dermatophilus congolensis wanaoingia kwa njia hiyo. Huleta magaga yanayong'oka pamoja na vishungi vya manyoya, na kuacha kidonda chini yake. Brashi moja ikitumiwa kwa wanyama wengi huwasambaza. Anayemwosha farasi mara mbili kwa siku ili apendeze anaweza kumtia maradhi kwa nia njema.

Dada zetu wanaijua nili, ile buluu inayotiwa katika maji ya mwisho ya kanzu nyeupe. Shampuu za zambarau zinazouzwa kwa ajili ya farasi weupe hufanya kazi kwa kanuni hiyo hiyo: buluu huifunika manjano, jicho likaona weupe. Na kama kanzu, ikizidi au ikikaa mno, farasi hutoka na rangi ya samawati, akawa kichekesho. Lakini tukumbuke kwamba nili hufunika, haitoharishi. Kanzu chafu iliyotiwa nili ni chafu bado.

Jambo moja tunalikataza bila ya kuchelea: dawa ya klorini ya kung'arishia nguo isimguse mnyama. Huunguza ngozi na macho. Tena isimwagwe bandani palipo na mkojo, kwani klorini ikikutana na amonia hutoa hewa yenye sumu. Onyo hili ni la nyumbani pia, kwa kila anayesafisha choo kwa kuchanganya dawa mbili akidhani nguvu zitazidi.

Mkia ndio hutia watu uvivu, kwa kuwa huloa mkojo na kugeuka manjano, na wengine huona rahisi kuukata. Abu Dawud amepokea hadithi inayokataza kukata singa za paji la uso, za shingo na za mkia wa farasi, na sababu iliyotajwa juu ya mkia ni kwamba ndio mgwisho wake wa kujipepea nzi. Aliyepata kumwona mnyama akisumbuliwa na nzi wakati wa kaskazi hahitaji ufafanuzi. Mkia uoshwe, uchambuliwe kwa vidole, uachwe.

Doa lenye habari

Yako madoa yasiyotokana na banda. Manyoya yanayolowa chini ya mkia kila siku huenda ni dalili ya kuhara. Mfereji wa machozi usoni huenda ni jicho lenye kidonda. Na farasi wa kijivu wana mtihani wao: jeni ile iliyowapa weupe huwaelekeza pia kwenye uvimbe wa ngozi uitwao melanoma, na wengi wa waliovuka miaka 15 wanao, hasa chini ya mkia na midomoni. Anayempitishia mnyama mkono kila siku ataukuta ungali mdogo kama choroko, akamwita daktari wa mifugo kwa wakati. Anayemmwagia maji kwa mbali hataujua mpaka uwe mkubwa.

Nguo zetu na sala

Mama wengi hutuuliza juu ya nguo ya mtoto aliyetoka kupanda farasi. Katika madhehebu ya Imam Shafi, ambayo ndiyo ya wengi wetu hapa pwani, jasho la farasi ni tohara, wala nguo iliyolowa jasho lake haihitaji kufuliwa kwa ajili ya sala. Mkojo na kinyesi chake ni najisi, basi palipoingia pataoshwa. Mwenye shaka amwendee shekhe wa mtaa wake.

Amana

Katika Muwatta ya Imam Malik imepokewa kwamba Mtume (s.a.w.) alionekana akimpangusa farasi wake uso kwa nguo aliyojitanda. Alipoulizwa, akaeleza kwamba usiku ule alikuwa amelaumiwa kwa ajili ya farasi. Tuliisoma habari hii tukawafikiria wale farasi wawili wa pwani. Mweupe alipata wa kumtetea, kwa kuwa doa lake lilimfedhehesha mwenyewe mbele ya watu. Mweusi alilala katika uchafu ule ule na hakuna aliyeuliza. Amana haingoji mpaka ionekane.

Majuma mawili baadaye tulimpeleka binti yetu kulitazama banda. Tulikuta maranda makavu, sakafu imefagiliwa, na ndoo mbili za maji mlangoni. Saisi alimpa brashi laini, akamwonyesha pa kusimama: begani, si nyuma ya miguu. Akamwambia aanze na yule mweusi.