Redio ya upepo 'iliyofunguliwa': Ijue kabla ya kuvuka nayo mpaka

KANYOSHA ni mlango wa kusini wa Jiji la Bujumbura. Barabara namba 3 hupita hapo kuelekea Rumonge na Nyanza-Lac hadi mpaka wa Mugina na Manyovu, Tanzania. Magharibi liko Ziwa Tanganyika, na ng'ambo yake ni Kongo. Mfanyabiashara wa hapa mzigo wake huenda kwa gari au kwa boti, na katikati ya ziwa simu hukosa mtandao. Ndipo redio ya upepo inapotamanika, hasa muuzaji anaposema: "Hii imefunguliwa, inashika masafa yote."

Neno hilo lina maana gani? Redio za mkononi za ridhaa, kama za Yaesu, Icom na Kenwood, hufungwa kiwandani zirushe sauti katika masafa ya ridhaa tu. Kwa Afrika, hayo ni MHz 144 hadi 146 na MHz 430 hadi 440. Kufuli lenyewe mara nyingi ni diodi au kiungo kidogo kuliko punje ya mchele kwenye bodi. Fundi hukiondoa kwa kichomeo cha risasi, huirudisha redio katika mpangilio wa mwanzo, nayo huanza kurusha nje ya masafa hayo. Redio nafuu kama Baofeng UV-5R hazihitaji hata risasi, kwani nyingi zilitoka kiwandani zikirusha kuanzia MHz 136 hadi 174. Mwaka 2018 mamlaka ya mawasiliano ya Marekani, FCC, iliwaonya waagizaji na wauzaji wa redio za aina hiyo.

Jambo la kwanza ambalo muuzaji hasemi ni umbali. Kufungua redio huongeza masafa, hakuongezi safari ya sauti. Mawimbi haya huenda karibu na mstari ulionyooka, na mviringo wa dunia huyakatiza. Watu wawili botini, antena zao zikiwa mita 2 juu ya maji, husikilizana kwa takriban kilomita 12. Antena ya nchi kavu ikipandishwa hadi mita 10, hufika karibu kilomita 19. Upana wa ziwa ni wastani wa kilomita 50, na Kigoma iko zaidi ya kilomita 150 kutoka Bujumbura. Hakuna fundi wa kuliondoa pengo hilo kwa risasi.

La pili ni ubora. Antena hukatwa kwa kipimo cha masafa yake. Ukirusha mbali na kipimo hicho, sehemu ya nguvu hurudi ndani na kuichosha redio, na mawimbi machafu yanaweza kumwagikia masafa ya wengine. Anayevurugwa anaweza kuwa nahodha anayeomba msaada.

La tatu ni sheria. Kila nchi ina msimamizi wa masafa: ARCT Burundi, TCRA Tanzania, ARPTC Kongo. Wasimamizi wa nchi zetu hukutana katika shirika la EACO lenye makao Kigali, lakini leseni hutolewa na kila nchi. Usidhani karatasi ya Bujumbura inatosha Manyovu au Uvira. Katika maeneo yenye vita, redio isiyo na karatasi humtia mwenyewe mashakani haraka kuliko gunia lisilolipiwa ushuru.

Tena, leseni ya ridhaa haimfai mfanyabiashara. Kanuni za kimataifa zinasema redio ya ridhaa ni ya kujifunza na kufanya majaribio, bila faida ya fedha. Kutaja bei ya mukeke au kuita lori la mchele humo ni kosa, hata ukiwa na jina lako la mwito linaloanza na 9U.

Je, chombo kikizama? Kanuni hizohizo hazimzuii aliye hatarini kutumia njia yoyote ya redio aliyonayo kuomba msaada. Ruhusa hiyo ni ya saa ya hatari, haihalalishi redio ya kutembea nayo kila siku.

Anayepita majini atafute redio ya VHF ya vyombo vya majini, isiyoingia maji, yenye chaneli 16 (MHz 156.8), ambayo duniani kote ni ya wito wa hatari. Kabla ya kuinunua, aulize bandarini ni nani anayeisikiliza na kwa saa zipi, kwa maana chaneli isiyo na msikilizaji haiokoi mtu. Mwenye magari aombe masafa ya biashara kwa msimamizi wa kila nchi anayopita.

Dukani, uliza aina ya redio, kibali chake na risiti. Muuzaji akikosa hivyo vitatu, okoa faranga zako. Kwa safari ya ziwani, jaketi la kuokolea maisha litangulie redio.