Jinsi ini linavyoweza kudhoofisha kijiti cha kupanga uzazi

MWANAMKE wa mtaa wa Pioneer, Eldoret, aliyewekewa kijiti cha kupanga uzazi huambiwa kuwa amejikinga kwa miaka kadhaa. Iwapo baadaye ataugua kifua kikuu na kuanzishiwa dawa ya rifampisini, kinga hiyo huenda ikapungua pasipo dalili yoyote.

Chanzo ni ini. Seli zake zina vimeng'enya, mashuhuri kikiwa CYP3A4, vinavyovunjavunja dawa tunazomeza pamoja na homoni za jamii ya steroidi, ikiwemo ile ya kijiti. Kiasi cha vimeng'enya hivyo huamuliwa na protini ziitwazo vipokezi vya kiini, hasa PXR, iliyotambuliwa mwaka wa 1998. Rifampisini ikifika hujishikiza kwa PXR, nayo PXR huziamsha jeni zinazoagiza CYP3A4 itengenezwe kwa wingi. Ni mbinu ya mwili kujihami dhidi ya sumu. Bahati mbaya, ini halibagui sumu na tiba. Homoni ya kijiti, ambayo hutoka kidogo kidogo, husafishwa upesi kuliko ilivyokusudiwa.

Efavirenzi, dawa ya kupunguza makali ya Ukimwi iliyotumiwa sana nchini, huamsha PXR na kipokezi kingine, CAR. Jambo hili si la vitabuni tu katika eneo hili, ambako Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi imewahudumia wagonjwa wa Ukimwi kupitia mpango wa AMPATH tangu 2001. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2015 kuhusu wanawake 24,560 wa magharibi mwa Kenya ulionyesha kuwa, miongoni mwa wenye vijiti, waliotumia efavirenzi walipata mimba 3.3 kwa kila wanawake 100 kwa mwaka. Kwa waliotumia nevirapini zilikuwa 1.1. Hata hivyo, waliotegemea sindano pamoja na efavirenzi walipata mimba 5.4, kwa hivyo kung'oa kijiti kwa hofu lilikuwa kosa.

Kuanzia 2018 Kenya ilihamia dolutegraviri, isiyoamsha vipokezi hivyo kwa kiwango hicho. Lakini rifampisini huiharakisha kutoka mwilini, ndiyo maana mgonjwa wa kifua kikuu huimeza mara mbili kwa siku, na huendelea hivyo wiki mbili baada ya rifampisini kukoma, kwani vimeng'enya havipungui mara moja.

Anayeanzishiwa rifampisini amweleze mhudumu kwamba ana kijiti. Anaweza kuongezewa kondomu, au kupewa koili ya shaba, ambayo haina homoni ya kuvunjwa na ini.